Jinsi ya kutoboa Java ya pili komyuniti koleji
Kama uko Marekani na umejisajili Java ya pili (kozi ya pili ya lugha ya programu inayoitwa Java) komyuniti koleji (chuo cha miaka miwili), kwanza hakikisha ile ya kwanza imekuingia kweli, maana hapa mwalimu harudii mambo ya lupu (kurudiarudia amri), anaanza moja kwa moja na urithi wa klasi (klasi ni kiolezo cha kutengenezea vitu kwenye programu, na moja inaweza kuchukua sifa na kazi za nyingine) na hapo ndo wengi wanakwama. Klasi ya Java inarithi klasi moja tu ila inaweza kutekeleza intafesi (orodha ya metodi, yaani kazi, ambazo klasi inaahidi kuwa nazo) hata kumi, kwa hiyo ukiona unarithisha ili tu usirudie kuandika mistari, acha, weka kitu cha klasi moja ndani ya klasi nyingine. Chora kwanza kwenye karatasi, mfano Akaunti, halafu AkauntiYaAkiba inayoirithi na kubadilisha metodi ya toa() ya kutoa pesa, kisha andika testi za kujaribu programu yako. Na kamuone mwalimu ofisini wiki ya kwanza kabisa, mi nilichelewa nikajuta.