Pikipiki imezeeka? Kagua fremu kwanza

Kabla fundi hajashusha injini, osha pikipiki uikague fremu, hasa shingoni chini ya usukani. Ukikuta ufa, au imeshachomelewa mara mbili tatu, usiongeze hata shilingi. Uza tangi, taa na rimu kimojakimoja, mabaki yapeleke kwa wa chuma chakavu.

Moshi wa bluu usikutishe sana. Mara nyingi ni ringi za pistoni au sili za valvu, na kwa Boxer au TVS spea hizo zimejaa madukani. Konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ikigonga ndiyo shughuli. Hapo linganisha bei ya matengenezo na ya injini ya mtumba. Ukiifunga hiyo, dai nyaraka za muuzaji, maana namba ya injini lazima ibadilishwe kwenye kadi pale TRA.