Kuhariri mahojiano katika DaVinci Resolve: kutenganisha mkato wa sauti na mkato wa picha

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajua kuingiza klipu, kukata na kuweka muziki, lakini mahojiano anayoyahariri bado yanaonekana kama vipande vilivyounganishwa. Mara nyingi sababu ni moja: kila mahali picha inapokatwa, sauti nayo inakatwa papo hapo, kwa hiyo mtazamaji anaona na kusikia kila kiungo. Nitatumia DaVinci Resolve, toleo la bure, ambalo linatosha kabisa kwa kazi hii kwani linatoa video hadi ukubwa wa 3840 kwa 2160. Mfano wetu utakuwa mahojiano mafupi na fundi wa milango ya nakshi wa Zanzibar: tuna picha zake akizungumza, na tuna picha za karibu za mikono yake ikichonga, pamoja na sauti halisi ya patasi.

Hatua ya 1: Tayarisha mradi kabla ya klipu ya kwanza

Fungua mipangilio ya mradi na uchague idadi ya fremu kwa sekunde kabla ya kuingiza chochote, maana ukishaweka klipu kwenye mstari wa muda huwezi tena kubadilisha idadi hiyo. Ninapendekeza 25, ilimradi kamera nayo ilirekodi hivyo, kwa kuwa umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50 na taa za ndani hazitapepesa ovyo kwenye picha. Video za simu huwa na tatizo lake: simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu katikati ya kurekodi, na matokeo yake midomo huachana na maneno kadiri klipu inavyoendelea. Zipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure, ukiiagiza itoe idadi isiyobadilika. Kama kompyuta yako inakwama, bofya klipu kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Generate Proxy Media ili ufanye kazi kwa nakala nyepesi.

Hatua ya 2: Panga maneno kwa sikio

Katika ukurasa wa Edit, weka mazungumzo yote ya fundi kwenye traki ya picha V1 na ya sauti A1, kisha kata bila kujali picha inarukaruka vipi. Ni vyema hata ufumbe macho unaposikiliza. Kwenye Windows, kitufe cha Delete huondoa kipande na kuziba pengo, ilhali Backspace huliacha wazi. Usiondoe pumzi zote. Mtu anayezungumza bila kuvuta pumzi humchosha msikilizaji hata kama msikilizaji mwenyewe hajui kinachomchosha. Kata kabla ya pumzi, ili kila sentensi ianze na pumzi yake.

Hatua ya 3: Tenganisha mikato

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tuseme fundi anamalizia kwa kusema, “Mbao ikiwa mbichi, mlango utapinda,” halafu tunataka kuona mikono ikichonga, kisha turudi usoni kwake. Weka klipu ya mikono kwenye V1 baada ya maneno hayo, lakini sauti yake ya patasi ishushe hadi traki ya A2, bila kuiacha isogee kulia wala kushoto. Ikisogea, programu itaonyesha namba nyekundu juu ya klipu, na namba hiyo ndiyo idadi ya fremu ambazo sauti na picha zimeachana.

Sasa shikilia Alt, au Option kwenye Mac, na ubofye katikati ya kiungo cha picha kati ya fundi na mikono. Alt hufanya picha peke yake ichaguliwe. Bonyeza kitufe cha koma (,) na kiungo kitasogea kushoto fremu moja moja. Sogeza fremu 12 hivi, ambazo ni karibu nusu sekunde. Cheza tena: neno “utapinda” sasa linasikika juu ya picha ya mikono. Huo ndio mkato wa L, ambapo sauti ya kwanza inaendelea baada ya picha yake kuondoka. Kiungo kikigoma kusogea, klipu ya mikono haina fremu za akiba mwanzoni mwake. Ianzishe mbele kidogo.

Kisha shikilia Alt tena, kamata ukingo wa kushoto wa sauti ya patasi kwenye A2 na uuvute nyuma hadi upite mwanzo wa picha ya mikono kwa fremu tano au sita. Patasi itasikika kwa mbali kabla haijaonekana: huo ni mkato wa J. Vuta kishikizo kidogo kilicho kwenye kona ya juu ya klipu ili sauti ipande polepole. Wakati wa kurudi kwa fundi, fanya kinyume cha ulichofanya mwanzo: sogeza kiungo cha picha kulia, ili sauti yake ianze wakati mikono bado inachonga.

Usifanye hivi kwenye kila kiungo. Fundi anapotamka jambo zito, mkato ulionyooka, yaani picha na sauti zikikatwa pamoja, una nguvu zaidi.

Hatua ya 4: Sawazisha sauti

Vilele vya maneno vifike kati ya desibeli -10 na -6. Katika ukurasa wa Fairlight, fungua EQ (kirekebishi cha masafa ya sauti) ya traki ya A1 na ukate masafa yaliyo chini ya hezi 80, ambako hukaa mngurumo wa feni na wa magari. Patasi ishuke maneno yanapoanza: shikilia Alt na ubofye mstari wa sauti kwenye klipu mahali pawili tofauti ili kuweka alama mbili, kisha ushushe sehemu iliyo baada ya alama ya pili.

Hatua ya 5: Rangi

Kwenye ukurasa wa Color, ongeza nodi, yaani hatua za marekebisho ya rangi, kwa Alt+S: ya kwanza ya kusahihisha mwanga, ya pili ya mtindo. Katika vectorscope, grafu inayoonyesha rangi zilizomo kwenye picha, washa mstari wa rangi ya ngozi. Ngozi nyeusi na ngozi nyeupe huangukia karibu na mstari huo huo. Tofauti yao kubwa iko kwenye mwanga. Kwa hiyo usimng’arishe fundi ili afanane na watu wa kwenye video za mafunzo za ughaibuni. Uso ukiwa na kiza mbele ya ukuta mweupe, chora Power Window (umbo linalozingira sehemu ya picha) usoni, ulifanye lifuate uso kwa tracker, na uinue mwanga hapo tu.

Hatua ya 6: Kutoa video

Katika ukurasa wa Deliver chagua H.264, aina ya ubanaji wa video. Kwa YouTube, video ya 1080p yenye fremu 25 inatosha kwa megabiti 8 kwa sekunde. Unapoituma kwa WhatsApp, itume kama hati, la sivyo itabanwa na nakshi zitapotea.