Jinsi ya kuomba kibali cha kutafiti mimea ya asili mkoani Mwanza

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo cha hapa nchini anayetaka kuandika matumizi ya mimea kwa Wasukuma, Wazinza au Wakerewe. Mgeni kutoka nje ya nchi huanzia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kabla hajafunga safari.

Kazi kubwa iko kwenye andiko la utafiti. Taja kila wilaya utakayofika. Barua ikisema Magu na Sengerema tu, Ukerewe utarudishwa. Andika kwamba utachukua sampuli, za sehemu gani ya mmea na kiasi gani. Andiko linalotaja mahojiano peke yake halikupi ruhusa ya kuchimba mzizi. Ukigusa tiba, lipitie kwanza kamati ya maadili ya utafiti. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, na awepo wa kuifafanua kwa Kisukuma au Kikerewe.

Chuo kikiridhia, kitakupa barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka hapo unashuka nayo: wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Toa nakala nyingi, maana kila ofisi hubaki na yake. Usiruke ngazi hata kama mwenyekiti wa kijiji ni mjomba wako. Msitu wa hifadhi unahitaji pia ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa na kina utaratibu wake.

Muhuri wa mkoa haumlazimishi mganga kusema. Elimu ni yake. Muulize kipi kiandikwe, kipi kibaki kwake, na kama jina lake litajwe. Akizuia kipimo cha dawa, kiache.

Kata tawi lenye ua au tunda, nakala tatu. Majani matupu mara nyingi hayatoshi kuitambua spishi, na jina moja la kienyeji huweza kubeba mimea miwili tofauti. Andika rangi ya ua papo hapo, kwa kuwa hupotea likikauka. Kando ya ziwa hewa ina unyevu, hivyo badilisha magazeti ya kukaushia kila siku, la sivyo ukungu utakula kazi yote. Gome libandue upande mmoja tu: mti uliochunwa kuuzunguka hufa.

Nakala moja ipeleke hebaria, yaani ghala la kuhifadhi mimea iliyokaushwa, nyingine chuoni, ya tatu ibaki kijijini pamoja na orodha ya majina kwa lugha ya wenyeji.