Volti na ampea: jinsi ya kuioanisha mashine na umeme wa karakana

Fundi anayenunua grenda Katwe, jijini Kampala, kwa kawaida huuliza ina wati ngapi. Swali hilo ni zuri, ila halitoshi, kwa kuwa wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea, na ni hizo mbili zinazoamua kama mashine itadumu. Volteji, inayopimwa kwa volti, ni msukumo unaouendesha umeme. Mkondo, unaopimwa kwa ampea, ni kiasi cha umeme kinachopita katika waya kila sekunde.

Anza na kibandiko kilichopo ubavuni mwa mashine. Umeme wa majumbani nchini Uganda ni wa volti 240, hezi 50, hivyo mashine ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, yenye maandishi ya volti 120, itaungua ukiichomeka moja kwa moja. Mashine hiyo lazima iwe na transfoma ya kupunguza volti, tena yenye uwezo unaozidi wati za mashine yenyewe.

Kisha gawanya wati kwa volti. Grenda ndogo ya wati 850 hutumia takriban ampea 3.5, na kubwa ya wati 2,200 hukaribia ampea 9.2. Kwa ile ndogo, fyuzi ya ampea 5 katika plagi inafaa. Kwa ile kubwa, weka ya ampea 13. Anayeweka kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi ameuacha waya wa mashine bila kinga yoyote.

Kwa maoni yangu, kinachoua mashine nyingi ni ekstensheni, ingawa lawama huangukia ubora wa mashine. Chukua ekstensheni ya mita 50 yenye nyaya za shaba za milimita za mraba 0.75. Umeme huenda na kurudi, yaani mita 100, na ukinzani wake, yaani jinsi waya unavyouzuia mkondo, hufikia takriban omu 2.5. Grenda kubwa ikivuta ampea 9, volti zipatazo 23 hupotelea njiani na kugeuka joto. Mota hupungua kasi, feni yake hupuliza hafifu, fundi naye huikandamiza zaidi ili ikate chuma, mkondo hupanda, na koili huanza kunuka. Tumia nyaya za milimita za mraba 1.5 au zaidi, na ukunjue ekstensheni yote, kwani iliyoviringwa haipoi. Ukitaka uhakika, pima volti kwenye tundu la pili la ekstensheni wakati grenda inakata. Kipimo cha mashine ikiwa imezimwa hakionyeshi upotevu huo.

Mashine za betri hufuata hesabu ileile: betri ya volti 18 na ampea-saa 5 hubeba wati-saa 90. Kwa kuwa volti ni chache, drili yake huweza kuvuta ampea zaidi ya 20 kazi inapokuwa nzito, ndiyo maana migusano ya betri ikichafuka hupata moto.

Kwa mwili wa binadamu, makumi machache ya miliampea (miliampea ni sehemu moja ya elfu ya ampea) yakipita kifuani yanaweza kuua, na fyuzi ya ampea 13 haitakatika kwa mkondo mdogo hivyo. Karakana inahitaji swichi inayokata umeme uvujaji unapofikia miliampea 30. Bonyeza kitufe chake cha majaribio mara kwa mara. Isipokata umeme, usichomeke kitu hadi ibadilishwe.