Jinsi ya kuomba bima ilipie upasuaji wa kuondoa ngozi iliyolegea baada ya kupungua uzito

Ukipungua kilo nyingi, ngozi haipungui sawa na mwili. Ile iliyotanuka kwa miaka imeharibika nyuzi zake za kujivuta, hivyo hubaki ikining'inia tumboni, mikononi na mapajani, na hakuna zoezi wala mafuta ya kupaka yatakayoirudisha. Ikifika hapo inaondolewa kwa upasuaji tu, na upasuaji wenyewe ni ghali. Nimemaliza kuomba hivi karibuni. Maombi yangu yalikataliwa mara ya kwanza, na kilichoyaangusha kilikuwa maneno machache yaliyoandikwa kwenye faili la kliniki. Fomu haikuwa na kasoro. Kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye faili, maana fomu mtaijaza wenyewe.

Kwanza, jua unaomba upasuaji gani

Wengi hufika kwa daktari wakisema wanataka "kukaza tumbo", na hapo hapo wamejitia upande wa urembo. Kuna upasuaji wa aina mbili unaofanana kwa macho. Panikulektomi ni kukata na kuondoa ngozi na mafuta yaliyoning'inia chini ya kitovu, basi. Abdominoplasti huongeza kukaza misuli ya tumbo iliyoachana na kukipa kitovu mahali papya. Huo wa kwanza bima inaweza kuulipia kama ni tiba. Wa pili kampuni nyingi huuhesabu kuwa urembo hata kama misuli yako imeachana kweli. Huko Marekani kila mmoja una namba yake ya malipo: 15830 kwa panikulektomi, 15847 kwa nyongeza ya abdominoplasti, na namba hiyo moja ikikosewa jibu linaweza kuwa hapana. Ngozi ya mikono na mapaja nayo huombwa, lakini hukubaliwa kwa nadra zaidi kuliko ya tumbo, kwa hiyo ukiwa na nguvu ya kupigania sehemu moja, anza na tumbo.

Kisha tafuta nyaraka mbili. Ya kwanza ni mkataba wako wa bima, hasa orodha ya mambo yasiyolipiwa. Ya pili ni mwongozo wa kitabibu wa kampuni kuhusu upasuaji huu, ambao mara nyingi uko kwenye tovuti yao, na usipouona waombe kwa maandishi. Kama mkataba umesema wazi kwamba kuondoa ngozi hakulipiwi kwa sababu yoyote ile, barua ya daktari haitaubadilisha. Ni bora kulijua hilo kabla hujaanza. Kama mkataba umeacha mlango wazi kwa "sababu za kitabibu", mwongozo ndio utakaokuambia sababu zipi.

Vigezo hutofautiana lakini hurandana. Ngozi iwe imeshuka hadi usawa wa mfupa wa kinena au chini yake. Kuwe na upele, fangasi au vidonda kwenye mkunjo ambavyo havikupona kwa tiba ya angalau miezi mitatu; kampuni nyingine hutaka sita. Uzito uwe umetulia, mara nyingi kwa miezi sita. Kama ulipungua kwa upasuaji wa tumbo la chakula, utasubiri mwaka mmoja au mwaka na nusu tangu siku hiyo. Masharti ya uzito yana maana yake: ukifanyiwa huku bado unapungua, ngozi italegea tena, na mwili ulio katikati ya kupungua mara nyingi hauna protini ya kutosha kufunga kidonda kirefu kiasi hicho.

Faili la kliniki

Hapa ndipo nilipopoteza muda. Nilikuwa nimemweleza daktari kila kitu: upele chini ya mkunjo wa tumbo, michubuko inayotoa majimaji siku za joto, harufu, dawa za kupaka zinazotuliza kwa siku chache kisha hali inarudi. Alisikiliza vizuri na akanipa dawa. Lakini kwenye faili aliandika kwamba mgonjwa ana ngozi iliyolegea na hafurahii mwonekano wake. Mtu wa bima aliyeamua maombi yangu hakunikuta chumbani mle. Alikuta maandishi hayo. Akajibu kwamba hakuna ushahidi wa ugonjwa uliotibiwa ukashindikana. Hesabu ya miezi ya tiba ikaanza upya, na upele haukunisubiri. Jambo hili bado linaniuma, kwa sababu mtu mgonjwa kweli anaweza kunyimwa tiba kwa sababu ya jinsi mtu mwingine alivyofupisha maneno yake.

Kwa hiyo kila unapoenda, hakikisha faili linabeba mambo haya: upele uko wapi hasa, daktari ameona nini kwa macho yake (wekundu, michubuko, majimaji, harufu, vidonda), ugonjwa unaitwaje (intetrigo, yaani upele wa kwenye mikunjo ya ngozi; fangasi ya kandida; selulaitisi, yaani maambukizi ya bakteria ndani ya ngozi), dawa gani kwa muda gani, na safari iliyofuata hali ilikutwaje. Hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. "Mgonjwa amepewa dawa ya fangasi" halithibitishi chochote. "Ametumia dawa ya fangasi kwa wiki nne kama alivyoelekezwa, upele ulipungua kisha umerudi" linathibitisha kwamba tiba imeshindwa, na hicho ndicho kigezo.

Nenda upele ukiwa umetoka. Usingoje utulie ndipo uende kusimulia. Dawa ulizozoea kujinunulia dukani mwombe daktari aziandike, hata kama ni poda au krimu ya kawaida, kwa sababu tiba isiyoandikwa popote bima haiihesabu. Risiti zitunze pia.

Na kabla hujatoka, omba nakala ya kilichoandikwa uisome. Mimi sasa husema hivi: "Daktari, samahani, naomba uongeze kwamba huu upele ni ule ule wa mara iliyopita na kwamba dawa nimeimaliza." Sijawahi kukataliwa ombi hilo. Kuongeza sentensi siku ile ile ni jambo dogo; kuomba faili lirekebishwe miezi baadaye, wakati maombi yameshakataliwa, kunaonekana kama kutengeneza ushahidi.

Najua kwa nini wengi hawasemi yote. Ni aibu kumwambia mtu kwamba unanuka hata baada ya kuoga, au kwamba huwezi kujisafisha vizuri bila kuinua ngozi kwa mkono. Umepambana na uzito kwa miaka, watu wanakupongeza, halafu unalalamika tena juu ya mwili. Semeni hata hivyo. Hayo ni magonjwa ya ngozi yenye majina na tiba, na daktari hawezi kuandika asichoambiwa.

Kuhusu shughuli za kila siku, taja kitendo. "Napata shida kutembea" ni maneno mepesi. "Ninapopanda ngazi lazima niishike ngozi isigonge mapaja" yanaeleweka kwa yeyote. Maumivu ya mgongo peke yake mara nyingi hayatoshi, kwa hiyo yasiwe hoja yako kuu.

Picha na barua

Picha zipigwe kliniki, zikiwa na tarehe: umesimama, kutoka mbele na pande zote mbili, ngozi ikining'inia yenyewe, kisha nyingine ngozi ikiwa imeinuliwa ili upele uonekane. Uso hauhitajiki. Wapasuaji hupima ngozi ya tumbo kwa daraja 1 hadi 5. Daraja 1 hufunika kinena bila kufikia sehemu za siri, daraja 3 hufika sehemu ya juu ya paja, daraja 5 hufika magotini au chini zaidi. Mwombe daktari aliandike daraja lako, maana kipimo hicho mkaguzi wa bima anakifahamu bila maelezo.

Mchague mpasuaji ambaye ofisi yake imeshawahi kuomba idhini ya awali, yaani ruhusa ya bima kabla ya upasuaji, kwa kazi hii. Waulize moja kwa moja. Atataka vipimo vya damu, hasa protini, madini ya chuma na vitamini B12 kama ulifanyiwa upasuaji wa tumbo la chakula, na kama unavuta sigara atakutaka uache wiki nne au zaidi kabla, kwa kuwa nikotini hubana mishipa ya damu na kidonda hukosa hewa safi ya kukiponya.

Barua yake isome kabla haijatumwa. Ifuate vigezo vya mwongozo mmoja mmoja, kwa maneno ya mwongozo wenyewe, na kila kigezo kionyeshe tarehe ya kliniki inayokithibitisha. Neno lolote la kupendeza, kujiamini au mwonekano litoke. Ni kweli vitu hivyo vina uzito maishani mwako, lakini kwenye barua hii vinampa mkaguzi sababu ya kuandika "urembo".

Wakikataa

Soma sababu iliyoandikwa, kwa sababu kila moja ina jibu lake. Kama ni upungufu wa nyaraka, tuma zilizokosekana. Kama wamesema si lazima kitabibu, mwombe mpasuaji aongee kwa simu na daktari wa kampuni kabla ya rufaa, kama kampuni inaruhusu. Kwenye rufaa, omba faili lako lipitiwe na daktari wa fani hiyo hiyo, na uandike kigezo, tarehe na ukurasa wa ushahidi. Huko Marekani, kwa bima nyingi una siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni na wao wana siku 30 kujibu kwa huduma ambayo hujaipata. Wakikataa tena una miezi minne kuomba wakaguzi wa nje, ambao uamuzi wao unaibana kampuni. Kwingineko muda umeandikwa kwenye barua ya kukataliwa. Uandike ukutani siku hiyo hiyo.

Wakikubali

Usipange tarehe kabla hujalinganisha idhini na mpango wa hospitali: aina ya upasuaji, jina la mpasuaji, hospitali, na siku idhini inapoisha. Uliza kama mtu wa nusukaputi naye yumo kwenye bima yako, kwa sababu ankara yake huja peke yake. Kama unataka na misuli ikazwe wakati huo huo kwa pesa yako, dai hesabu mbili zilizotenganishwa kwa maandishi, ikiwemo muda wa chumba cha upasuaji, kabla ya kusaini. Mwisho, ulize nani analipia mshipi wa kubana tumbo na miadi ya kutoa mirija ya majimaji, ambayo huenda ukakaa nayo wiki moja au zaidi.