Jinsi ya kufungulia maktaba ya chuo kurasa za mitandao, hatua kwa hatua

Mimi ni mkutubi kwenye chuo cha afya hapa Tanzania, maktaba yetu ni chumba kimoja na kaunta moja. Haya ninayoyaandika nimeyafanya kwa mikono yangu na mengine nimeyarudia mara mbili baada ya kukosea. Kama uko chuo kidogo na hamna mtu wa tehama wa kukusaidia, fuata hivi hivi.

Hatua ya 1: kabla hujafungua akaunti yoyote weka daftari hapo kaunta, wiki nzima, kila swali mwanafunzi analouliza liandike. Mtafunga saa ngapi, pasti pepa zipo, kitabu fulani kimerudi, faini ni bei gani, naingiaje Hinari (ile huduma ya mtandaoni ya kusoma majarida na vitabu vya afya). Utashangaa maswali ni yale yale kama kumi hivi yanajirudia kutwa. Hayo ndio posti zako za mwezi wa kwanza, usianze kuhangaika kutafuta kontenti sijui nukuu za busara, mwanafunzi anaunguza bando lake apate jibu.

Hatua ya 2: tafuta laini ya maktaba. Hapa naomba unisikilize vizuri maana paliniumiza. Ukurasa wetu wa kwanza ulifunguliwa kwa namba ya mwanafunzi aliyekuja field, alikuwa binti mchapakazi kweli, field ikaisha akaondoka, baadae akabadilisha laini na sisi tukabaki nje ya ukurasa wetu wenyewe na wafuasi wote wakapotelea huko. Kwahiyo laini isajiliwe kwa jina la chuo, barua pepe iwe ya maktaba sio ya mtu, washa uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp, ile pin ya tarakimu 6 iandike kwenye karatasi uifungie kwa mkuu wa maktaba. Ukurasa wa Facebook uwe na maadmini wawili walioajiriwa. Na laini uwe unaiwekea vocha, isiyotumika muda mrefu inafungwa.

Hatua ya 3: chagua sehemu moja, mbili mwisho. Kwetu wanafunzi wote wako WhatsApp kwahiyo tulianza huko, tukaweka WhatsApp Business kwa ajili ya maswali na chaneli kwa ajili ya matangazo. Grupu sikushauri, linabeba watu 1,024 tu alafu kila mtu anaona namba ya mwenzake, mabinti wakaanza kusumbuliwa inbox na watu wasiowajua. Kwenye chaneli mfuasi haoni namba ya mfuasi mwenzake. Instagram ije baadae ukishapata mtu wa kupiga picha nzuri.

Kwenye WhatsApp Business ingia kwenye majibu ya haraka, tengeneza ya yale maswali kumi. Mimi nikiandika /saa jibu la muda wa kufungua linatoka lenyewe, nikiandika /faini vilevile. Weka na ujumbe wa kujibu ukiwa haupo, useme lini utarudi kazini.

Hatua ya 4: kuposti kwenyewe. Posti iliyowahi kuleta watu wengi kaunta kwetu ilikuwa picha ya vitabu vitatu juu ya meza, nimepiga kwa simu karibu na dirisha, chini nikaandika: "Nakala 3 za anatomia zimerudi leo. Rafu ya 611. Tupo hadi saa 2 usiku." Basi. Hadi saa kumi jioni zote zilikuwa zimeshaazimwa. Andika Kiswahili cha kawaida, kitabu, rafu, muda, usiweke PDF ya MB 20 ya tangazo la mistari miwili.

Hatua ya 5, vitu usiviposti kabisa. Paswedi ya Hinari, hata kama wanakuomba kila siku. Huduma hii ipo chini ya WHO tangu 2002 na paswedi ni ya watu wa taasisi, ukiibandika hadharani unahatarisha chuo kizima kufungiwa, mpe mtu ana kwa ana akiwa na kitambulisho. Usiskani kitabu kizima ukakitupia kwenye chaneli, sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo. Na majina ya wanaodaiwa vitabu nakusihi usiyaweke, kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, na mbali na sheria mtoto wa watu ukimwaibisha hatorudisha kitabu na wala hatokanyaga tena maktaba. Mtumie yeye mwenyewe inbox kwa upole.

Hatua ya 6: chapisha QR kodi ya chaneli, bandika mlangoni, kaunta, na kwenye kila meza. Waombe maCR (wawakilishi wa madarasa) waisambaze madarasani wiki ya mwaka wa kwanza kuripoti.

Kila Ijumaa mchana rudi kwenye lile daftari la kaunta. Swali la muda wa kufungua lilikuwa linajaza ukurasa mzima, siku hizi linaandikwa mara mbili tatu kwa wiki. Mimi napimia hapo, idadi ya wafuasi naiangalia mara chache sana.