Picha ya kaburi bila maelezo haikusaidii kwa nasaba

Kila Idi grupu letu la familia linajaa picha za makaburi, halafu baada ya miezi miwili ukiuliza hili la nani, na ni makaburi ya Manyimbo au ya Kikowani hapa Mombasa, kimya. Sasa mimi nafanya hivi.

Ukifika toa salamu, umuulize mlinzi kama anaruhusu picha, manake wengine hawataki. Ya kwanza piga geti, ndo baadae kwenye simu ujue zinazofuata ni za wapi. Kisha kaburi zima na majirani zake (watu wetu huzikwa karibu karibu, shangazi yake babu nilimpata hivo hivo bila kumtafuta), mwisho maandishi kwa karibu. Jua likipiga jiwe usoni herufi zinapotea, chukua kioo kidogo umulike kutoka ubavuni, utashangaa. Brashi ya waya, chaki, dawa ya kung'arishia nguo, zote wacha nyumbani, haya mawe yetu ya matumbawe yashaliwa na chumvi ya kutosha.

Hapo hapo kaa kivulini uandike maneno mstari kwa mstari kama yalivo, hata jina likiwa limekosewa usilirekebishe, na usiposoma weka nukta. Namba za Kiarabu ndo balaa. ٢ (mbili) na ٣ (tatu) jiwe likichakaa zinafanana, na ٠ (sufuri) ni nukta tu, hata tundu la jiwe laweza kukudanganya. Mimi nilisoma 1324 kumbe ni 1334, bas nyanya nikamuua kabla hajamzaa kitinda mimba wake. Na mwaka wa Hijria, yaani wa Kiislamu, hauingii sawasawa kwenye wa kizungu, huo 1334 unaanza Novemba 1915 unaisha Oktoba 1916, kwa hivo kama jiwe halina mwezi andika 1915/1916, usichague mmoja kwa kubahatisha.

Ukirudi nyumbani ipe kila picha jina la maana, kisha andika kando nani alipiga, siku gani, makaburi gani, upande gani ukitoka getini. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, la sivyo picha inapunguzwa na tarehe na mahali vinafutika.

Na usiliamini jiwe kila kitu. Limeandikwa na walio hai, pengine miaka mingi baada ya maziko. Tarehe ya kufa walikuwepo, ya kuzaliwa wameambiwa tu. Kama jamaa zako ni Wakristo wamelala makaburi ya Mbaraki, linganisha na daftari la maziko la kanisa lao ukilipata.

Halafu kuna makaburi mengi tu hayana hata herufi moja, ni jiwe la kichwani na la miguuni. Hapo anayejua ni yule mzee aliyekushika mkono akakuambia huyu ndiye fulani, kwa hivo andika jina lake, ana uhusiano gani na marehemu, na siku aliyokuonyesha, kabla hujaondoka pale.